Shajara ya mradi: miezi saba ya kuacha kusema "sina"

11 Februari 2024, Jumapili. Kuanza

Nimefungua daftari hili kwa sababu ya hesabu moja iliyoninyima usingizi. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko la Mwanjelwa hapa Mbeya. Mavuno yangu ni msimu wa sare za shule: kuanzia Desemba hadi shule zinapofunguliwa Januari, sketi na mashati vinapishana mezani mpaka saa sita usiku. Daftari la oda linaonyesha kwamba msimu huu nilibakiwa na 1,140,000 baada ya kutoa vitambaa, uzi na vifungo. Leo kwenye simu kuna 38,000. Sijajenga, sijanunua cherehani, hakuna aliyelazwa. Zimeondoka, na siwezi kusema zilipita mlango gani.

Bajeti naijua. Hata mabinti ninaowafundisha kushona nawaambia wagawe mapato yao. Shida yangu inaanza kabla ya hesabu. Simu ikilia mlio wa ujumbe wa pesa, moyo unaenda mbio. Kuangalia salio naogopa. Mtu akiniuliza kama nina hela, mdomo unajibu "sina" kabla sijafikiri. Halafu usiku nabanwa na haya, asubuhi namtumia mara mbili ya alichoomba.

Kwa hiyo mradi huu ni wa moyo wangu na pesa. Naandika kila hatua ikiisha, ili mwenye shida kama yangu afuate, au apite mbali na pale nilipoanguka.

Vifaa vya kuanzia: daftari la mistari 1,500, kalamu 500.

25 Februari. Daftari la kwanza limeshindwa

Siku nane za mwanzo niliandika kila kilichotoka: nauli, mkaa, maharage, vocha. Siku ya tisa nilinunua kitenge cha 28,000 pale sokoni, nikarudi kibandani, nikaandika 18,000.

Nilikaa nikiitazama ile namba muda mrefu. Daftari hili halisomwi na mtu. Baba watoto hajui hata kama lipo. Nilikuwa namdanganya nani? Nikarudi nyuma kurasa zote, nikakuta sehemu nne zaidi nilizopunguza: chipsi za watoto, dawa ya nywele, mchango wa kwaya, na elfu tano niliyompa jirani. Zote ni vitu nilivyoona vitanifanya nionekane mtumiaji ovyo.

Marekebisho: nimepiga mstari na kuongeza safu ya nne. Sasa kuna tarehe, kiasi, sababu, na mwili. Kwenye safu ya mwili naandika neno moja au mawili ya kilichotokea mwilini pesa ilipoingia au kutoka: moyo mbio, tumbo, mikono baridi, nimepumua, nimefurahi. Sitakiwi kueleza. Naandika pale pale, kabla sijaiweka simu chini.

Kwa anayetaka kuiga, anzia hapa. Usianze na namba peke yake kama mimi, maana namba ukiiogopa utaidanganya.

3 Machi. Safu ya mwili imesema jambo

Wiki moja tu, na nimeona kitu nisichokitarajia. Nilidhani naumia pesa inapotoka. Safu inasema kinyume. Alhamisi wateja wawili walinilipa 60,000 asubuhi: "moyo mbio", "shingo imekaza". Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimeshatuma na kununua 45,000, na kila ilipotoka nimeandika "nimepumua". Mara tatu siku moja.

Kumbe ninachokikimbia ni kuwa nazo. Zikiwa mkononi nahisi kama nimebeba kitu cha mtu, kwamba mwenyewe atatokea wakati wowote kukidai. Zikiisha, hakuna wa kunidai, natulia. Nimekaa na jambo hili kibandani mpaka pasi ya mkaa ikapoa.

17 Machi. Kibubu kimevunjwa

Tarehe 27 Februari nilimpa fundi seremala 6,000 anitengenezee kibubu cha mbao, kile cha kupigilia misumari, kisicho na mlango. Nilitaka pesa taslimu nyumbani kwa sababu ya mazoea ya nyuma: tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 niliacha kuweka akiba kwenye simu, nikaanza kuficha noti kati ya vitambaa. Tozo ilikuja kupunguzwa, lakini mimi tabia ile haikuniacha.

Kibubu kiliishi siku 19. Kuna kundi la WhatsApp la harusi ya binamu yangu. Kila jioni katibu anabandika orodha ya majina na kiasi alichotoa kila mmoja, na mbele ya jina langu palikuwa na ahadi ya 50,000 na kistari. Siku tatu kabla ya harusi alibandika tena, na safari hii wasiomaliza ahadi walikuwa juu. Nilichukua nyundo ya baba watoto saa tano usiku. Ndani mlikuwa na 41,500. Nilituma 40,000. Safu ya mwili: "nimepumua". Baada ya dakika kumi: "nimelia".

Kosa langu lilikuwa kufikiri kwamba kibubu kitanisaidia kwa kuwa hakifunguki. Kwa siku 19 sikujua mna kiasi gani, na kutojua huko kulinipa amani ya uongo. Ile ile ya kutoangalia salio. Nilikuwa nimejenga sanduku la kuendelea kuogopa ndani yake.

Marekebisho: makopo matatu ya plastiki yanayoonyesha, yale ya mifuniko ya bluu, 1,500 kila moja, jumla 4,500. La kwanza la nyumba, la pili la kazi, la tatu nimeliacha tupu mpaka nijue ni la nini. Ndani nimeweka pesa za wiki tu, kwa sababu ya usalama. Zilizobaki ziko kwenye simu, na salio lake nimeliandika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi ndani ya kopo. Yako rafuni ninapoweka majani ya chai. Nayaona kila asubuhi nitake nisitake.

31 Machi, Pasaka. Jumapili ya kuhesabu

Nimeanza desturi mpya: Jumapili jioni, baada ya chai, nahesabu mezani. Nusu saa, haizidi. Wiki mbili za kwanza nilihesabu watoto wakiwa wamelala. Leo mkubwa, wa darasa la nne, alikuwa bado yuko macho akaja kukaa. Aliangalia makopo, akauliza, "Mama, sisi ni maskini?"

Mdomo ulikuwa tayari kusema "sina". Nikamwambia wiki hii tuna 64,000, za chakula ni hizi, za uzi na zipu ni hizi. Akazihesabu upya mwenyewe, akapata 63,500. Alikuwa sahihi. Akaenda kulala.

14 Aprili. Jambo ambalo sikuliandika

Shajara hii ina uongo tangu ukurasa wa kwanza, na leo nausahihisha.

Nina mkopo. Novemba nilichukua wa kwanza kwenye mikopo hii ya vikundi ambayo mtaani tunaiita kausha damu. Ulikuwa wa kununulia vitambaa vya sare, na nusu yake ukaishia kwenye michango. Tarehe 4 Machi, wakati tayari naandika humu kuhusu kupumua na moyo, nilichukua wa pili ili nimalize mabaki ya kwanza. Mume wangu alikuwa hajui hata mmoja.

Hesabu yake niiweke wazi ili anayefikiria kukopa aione. Mkopo: 500,000. Makato ya fomu na bima kabla ya kupewa: 25,000, hivyo nilishika 475,000. Rejesho: 40,000 kila Jumatatu kwa wiki 16, jumla 640,000. Tofauti ni 165,000 kwa miezi isiyofika minne. Gauni la kawaida nalishona kwa 15,000. Nimeshona magauni 11 kwa ajili ya mkopeshaji.

Lakini hayo ndiyo mepesi. Mzigo wenyewe ni Jumatatu. Tunadhaminiana watu watano. Mmoja akikosa, wote tunakaa pale mpaka itimie. Nimewahi kuona kabati la mwenzetu likibebwa. Tangu Ijumaa nakuwa mkali kwa watoto, na Jumapili usiku silali. Halafu naamka, namwambia baba watoto naenda kununua uzi.

Jumatatu iliyopita mwenyekiti wa kikundi alipita kibandani kuniulizia, akamkuta baba watoto. Ikawa imefika. Nilimwambia yote usiku ule, daftari likiwa mezani, na nikamwonyesha mpaka ile 18,000 ya kitenge. Aliuliza swali moja, "Zimebaki wiki ngapi?" Nikasema kumi na moja. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, na kwa siku tatu hakuongea na mimi zaidi ya salamu.

Siku ya nne aliniambia kinachomuuma. Deni hakulitaja. Kilichomuuma ni kwamba wanawake wanne wa mtaani walijua hali ya nyumba yake, na yeye anayelala humo hakujua. Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba radhi, na bado naona hajamaliza kunisamehe. Ana haki ya kuchukua muda wake.

Tulichokubaliana: hakuna mkopo wa tatu wa kuziba wa pili. Jumatatu tunaiweka kwenye kopo tangu Alhamisi, 10,000 kwa siku, ili isinikute kwa ghafla. Na Jumapili ya kuhesabu anakuwepo.

Nimejifunza pia kitu ambacho ningekijua mapema nisingesaini haraka vile: kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji wa aina hii, awe mtu au kampuni, anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu. Uliza leseni kabla ya kuuliza kiasi. Mimi niliona haya kuuliza, kana kwamba mwenye shida hana ruhusa ya maswali.

5 Mei. Kuhesabu "sina", na safari ya Tukuyu

Kwa wiki mbili nimeweka alama kwenye jalada la nyuma kila ninaposema "sina". Jumla mara 23. Zilizokuwa kweli ni nne. Nimemwambia sina muuza karanga, mwalimu wa Jumapili, mteja aliyetaka chenji, mdogo wangu, na mwanangu aliyeomba 200 ya kalamu ya risasi huku noti ya elfu kumi iko mfukoni mwangu. Neno hili silichagui. Linatoka lenyewe kama chafya.

Nikajua nilikolitoa, ila sikujua lilikoanzia. Jumamosi nikapanda Kosta kwenda kwa mama, upande wa Tukuyu. Nauli kwenda na kurudi 9,000. Baridi ya Isyonje ilinikuta na kanga moja. Kuanzia Kiwira mvua haikuacha mpaka nafika.

Mama yangu ndiye "sina" ya kwanza niliyoisikia. Alikuwa akiuza ndizi barabarani, na pesa zake zilikaa kwenye pindo la kanga, zimefungwa fundo dogo gumu kama jiwe. Tukiomba daftari: sina. Majirani wakija: sina. Sisi watoto tuliliona lile fundo. Miaka yote hiyo nilimhesabu kuwa mchoyo, na niliapa moyoni kwamba mimi nitakuwa mtoaji. Nimekuwa mtoaji mwenye "sina" ile ile mdomoni.

Tulikuwa jikoni anamenya ndizi za mbalaga. Nilimuuliza, "Mama, kwa nini ulikuwa unasema huna?" Alimenya ndizi tatu bila kujibu. Kisha akanisimulia habari ya dada yangu mkubwa, ambayo sisi wadogo tuliambiwa tu kwamba "hakupenda shule".

Dada alifaulu kwenda kidato cha kwanza. Wakati ule sekondari ilikuwa na ada. Elimu bila ada mpaka kidato cha nne ilikuja 2016, dada akiwa tayari mtu mzima. Mama alikuwa amekusanya ada kwa ndizi za mwaka mzima. Ndugu mmoja akaja na shida ya kweli, akamuuliza kama ana pesa, na mama, kwa kuwa alilelewa kwamba kudanganya ni dhambi, akasema ninazo. Akampa, arudishe baada ya wiki mbili. Shule zilifunguliwa pesa hazijarudi. Nafasi ya dada ikapita. "Nilisema kweli mara moja," mama aliniambia, "na kweli ilinichukulia mtoto."

Sikuweza kula. Nilimsaidia kumenya zilizobaki.

Niliporudi niliandika jambo moja tu: "sina" ya mama ilikuwa uzio. Aliujenga kwa kitu alichokuwa nacho, akautumia kuwalinda watoto waliobaki, mimi nikiwemo. Mimi nimeurithi bila kujua unazuia nini, ndiyo maana kila nikishausimamisha nauvuka mwenyewe usiku kupeleka pesa upande wa pili.

2 Juni. Jibu jipya limeshindwa, halafu limerekebishwa

Nilijitungia jibu la kweli la kuweka mahali pa "sina": "Ninazo, ila zina kazi." Nililifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kibandani kama mtu anayejifunza wimbo.

Kwa muuza karanga lilifanya kazi. Kwa mwalimu wa Jumapili lilifanya kazi. Kwa kaka yangu lililipuka. Alipiga simu anataka 70,000 ya kutengeneza bodaboda yake. Nikasema ninazo, ila zina kazi. Kimya. Kisha, "Kazi gani inayonizidi mimi nduguyo wa tumbo moja?" Nikaanza kumtajia: ada ya mafunzo, uzi, rejesho. Kila nililotaja alilipima na shida yake, na kila mara yake ilikuwa nzito zaidi. Mwisho akanikumbusha kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Jioni mama akapiga simu kuuliza nimemtukana kaka yangu kwa lipi.

Nilikaa na kosa hili karibu wiki mbili, kwa sababu nilitaka sana lile jibu liwe sahihi. Baba watoto ndiye aliyeliona. Alisema, "Umemwambia zina kazi, na katika hizo kazi yeye hayumo. Wewe ungesikiaje?"

Ni kweli. Kwetu pesa ya mtu haijawahi kuwa yake peke yake, na mimi sitaki iwe hivyo. Nilisomea ushonaji kwa pesa ya shangazi aliyeuza mpunga wake huko Kyela. Ningekuwa wapi angeniambia zina kazi?

Basi lile kopo la tatu, lililokuwa tupu tangu Machi, likapata jina: FUNGU LA NDUGU. Kila mwezi linaingia 30,000, kabla hata ya kitambaa. Ndugu akiomba, namwambia ukweli wote: "Fungu la ndugu la mwezi huu limebaki elfu kumi na nane. Nikupe ngapi?" Nikampigia kaka, nikamwomba radhi, nikamweleza kopo lilivyo. Alikuwa baridi. Alichukua 15,000. Wiki iliyofuata alipiga tena kuuliza habari za watoto bila kuomba kitu, jambo ambalo sikumbuki mara ya mwisho lilitokea lini.

Safu ya mwili, siku niliyompa zile 15,000: "mikono mikavu, usingizi mzuri". Nilitoa bila kukimbia.

30 Juni. Deni limeisha, bei ukutani

Rejesho la mwisho nililipa tarehe 24. Nililipa, nikasaini, nikatembea kwa miguu mpaka Kabwe bila sababu. Sherehe hatukufanya. Baba watoto aliomba kuona karatasi ya kumaliza, akaisoma mbele na nyuma, akaikunja akaiweka kwenye Biblia.

Hatua nyingine ya mwezi huu ni bei. Safu ya mwili ilionyesha kwamba hofu kubwa baada ya ile ya Jumatatu ni pale mteja anapouliza "shilingi ngapi, fundi?" Gauni la 15,000 nilikuwa nasema 12,000 kabla hajaanza hata kupunguza, halafu napunguziwa mpaka 10,000, halafu namshonea nikiwa na kinyongo naye, yeye asijue kwa nini.

Nilinunua manila na maka kwa 1,700, nikaandika bei zote kwa herufi kubwa, nikabandika juu ya cherehani. Sasa mteja akiuliza nanyoosha kidole.

Kosa: sikumwambia mtu. Kuna mama mmoja nimemshonea miaka tisa, tangu nikiwa na cherehani ya mguu. Aliingia, akasoma ukuta, akauliza kwa sauti ya chini, "Na mimi nimo humo?" Akaondoka na kitambaa chake. Wiki ile waliondoka wateja wawili.

Marekebisho: niliwafuata wateja wa zamani mmoja mmoja nikawaeleza, na nikawapa mwezi mmoja wa bei ya zamani. Yule mama nilimfuata nyumbani kwake. Alirudi na kitambaa kile kile. Wa pili hakurudi, na nimekubali. Mapato ya Juni yamezidi ya Mei kwa 46,000 ingawa magauni ni machache.

1 Septemba. Msiba umevuka kopo

Tulikuwa tumepanga kwenda na watoto Nane Nane, viwanja vya pale Uyole. Tarehe 6 Agosti tulipata habari ya kifo cha baba mdogo wa mume wangu.

Fungu la ndugu lilikuwa na 9,000. Kwenye msiba huwezi kusema fungu limebaki elfu tisa. Huko unakwenda na ulicho nacho, na zaidi. Tulitoa 85,000 pamoja na nauli, nyingi kutoka kopo la kazi. Niliporudi niliogopa sana. Nilidhani mradi umekufa, na kwa siku mbili sikuandika kitu.

Nilipofungua tena nikakuta safu ya mwili ya siku ile ina neno moja, "huzuni". Moyo mbio haukuwepo, kupumua hakukuwepo. Nilikuwa nimetoa 85,000 na nilichohisi ni huzuni ya kufiwa, basi. Kwangu hii ndiyo namba kubwa kuliko zote humu.

Kasoro ilikuwa ya mpango. Msiba na ugonjwa haviwezi kukaa kopo moja na bodaboda ya kaka. Nimenunua kopo la nne, 1,500. Na nimejiunga na kikoba cha mtaani, kitu nilichokikwepa miaka mingi. Tunakutana Ijumaa. Hisa moja ni 5,000, na kwa kikao mtu hununua moja hadi tano. Kila mmoja anatia pia 1,000 ya mfuko wa jamii, na huo ndio unaotoka mwanachama akifiwa au akilazwa. Kukopa ni mpaka mara tatu ya hisa zako. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na hakuna hata mmoja wao anayekaa na sanduku nyumbani kwake. Mwisho wa mwaka tunavunja, kila mtu anapata hisa zake na faida. Vikundi hivi navyo viko ndani ya ile sheria ya 2018, daraja la nne, na usajili wake unapita halmashauri.

Kwa mradi huu faida yake kubwa ni sauti. Pale pesa inahesabiwa kwa sauti mbele ya watu wote, jina na kiasi. Kikao cha kwanza, lilipotajwa jina langu na "hisa mbili, elfu kumi", masikio yaliwaka moto. Cha tatu, hayakuwaka.

15 Septemba, Jumapili. Mama yuko hapa

Gharama mpaka leo, bila riba ya mkopo: daftari na kalamu 2,000, kibubu 6,000, makopo manne 6,000, nauli 9,000, manila na maka 1,700. Jumla 24,700. Akiba: 212,000, pamoja na hisa. Salio la simu naliangalia kila asubuhi. Moyo bado unaruka kidogo kabla namba haijatokea. "Sina" za wiki hii ni tano, mbili za uongo.

Mama amekuja Mbeya kupimwa macho, analala kwetu. Jioni tukakaa kuhesabu kama kawaida, mkubwa akihesabu, baba watoto akiandika. Mama alikuwa kwenye mkeka, amenyamaza, anatusikiliza tukitaja namba. Tulipomaliza alisogea mezani, akashika pindo la kanga na kuanza kulifungua. Vidole vyake siku hizi vinauma, ikachukua muda. Nilitaka kumsaidia, baba watoto akanigusa mkono niache.

Akazipanga noti mbele yetu. Zilikuwa 23,500. "Elfu nane ya dawa ya macho," alisema. "Elfu nne na mia tano ya nauli. Zilizobaki ni za mbolea." Sijawahi kumsikia mama akitaja pesa yake kwa namba.

Kisha akasema fundo linamshinda sasa, nimtie mfuko kwa ndani ya gauni, upande wa kushoto, mkono uingie wote. Nikasema nitamtia kesho.

"Shilingi ngapi?"

"Mama, wewe..."

"Nimekuuliza bei. Ukutani siioni, macho hayaoni vizuri."

Nikamwambia 1,500. Akatoa elfu mbili kwenye za mbolea, nikamrudishia jero. Nimeiandika kwenye mapato. Safu ya mwili: "mikono imetetemeka, koo limekaza, sikuirudisha".